Kamera ya sikio ya kuunganisha na simu: maoni yangu baada ya kuitumia kwa mtoto mwenye masikio korofi

Naanza na jibu kabisa maana najua mtu anayetafuta maoni ya hiki kidude anataka kujua kitu kimoja tu, ninunue au niache. Ukitaka kuangalia nta ya masikio yako wewe mtu mzima, ushangae, ucheke, uitane na mwenzio mwangaliane, nunua tu utafurahi. Ila kama una mtoto ambaye kila akishikwa na mafua lazima sikio lifuate, na umeshawishika kwamba kamera itakuambia hapohapo nyumbani kama sikio la kati (ile sehemu iliyo nyuma ya ngoma ya sikio) lina infeksheni au halina ili uokoe hela ya hospitali, acha. Mi nina mtoto wa hivyo, anaelekea miaka mitatu, nimekaa nayo toka mafua ya kipindi cha masika, kwa hiyo naongea kwa kuitumia siyo kwa kusikia.

Ni zile kamera zinazotembea sana Instagram na kwenye maduka ya Kariakoo, kijiti kina urefu wa kalamu, mbele kuna lensi ndogo imezungukwa na vitaa, unawasha, unaunganisha na simu, unaona ndani ya sikio laivu kwenye skrini. Yangu haina hata jina la kueleweka, boksi limejaa maandishi ya Kichina na picha ya mtoto anacheka (mtoto gani anacheka akiingiziwa kitu sikioni sijui). Ndani kuna kamera, vijiko vya silikoni vya kuchomeka mbele, waya wa chaji na kikaratasi cha maelekezo cha Kiingereza cha kubahatisha. Bei ni mdomo wako, kitu kilekile huyu anakitaja elfu thelathini yule karibu elfu themanini, usikubali ya kwanza.

Kuunganisha kunakera mwanzoni. Kamera inatoa waifai yake yenyewe, simu inajiunga nayo, sasa simu ikigundua ile waifai haina intaneti inaruka inarudi kwenye data na picha inakata, ukija kushtuka mtoto ameshachoka kukaa. Dawa ni kuzima data kabisa kabla hujaanza. Apu nayo inaomba ruhusa ya lokesheni, usipoiruhusu haiioni kamera, sijaipenda hiyo lakini ndo ilivyo. Ikishakubali picha ni kali, hapo sina ubishi, vinyweleo unaviona, nta unaiona, mtu akitulia vizuri hadi ngoma ya sikio unaiona pale mwisho inang'aa.

Kwa mtu mzima ilinifurahisha. Mume wangu alikuwa analalamika sikio limeziba, tukaangalia tukakuta nta imejaa upande mmoja, akaenda akasafishwa, yakaisha. Hapo kamera imefanya kazi yake. Ila vile vijiko vya silikoni ndo ugomvi wangu mkubwa na hiki kifaa. Tangazo linaonyesha mtu anachokonoa nta huku anajitazama kwenye simu kama mchezo, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana kikubwa, unajikuta umbali huujui, unadhani bado uko nje kumbe umeshafika kwenye ngoma. Halafu nta siyo uchafu wa kufuatwa, sikio linaitengeneza kwa kujilinda na yenyewe inatembea kutoka nje polepole, ukiifuata na kijiti nusu unaitoa nusu unaishindilia. Pamba za vijiti hivyohivyo. Mi vijiko nilivitupa siku ya kwanza, mtoto asije akaviona akaanza kujichokonoa mwenyewe.

Sasa twende kwa mtoto maana ndo nilichoinunulia.

Kumwangalia mtoto wa umri huu ni kazi ya watu wawili, mmoja amempakata amemkumbatia mikono, kichwa kimeegemezwa kifuani kisicheze, mwingine anashika kamera. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu unavuta sikio kwenda chini na nyuma kidogo ndo njia inanyooka, kwa mkubwa unavuta kwenda juu na nyuma. Hili nilifundishwa na dokta wa masikio pua na koo, kwenye kikaratasi cha maelekezo halipo. Na kuna kitu nimekuja kukielewa nikimwangalia yeye dokta anavyofanya, kifaa chake mbele kina kikombe chenye umbo la faneli, chembamba mbele kinapanuka nyuma, kwa hiyo hata mtoto akiruka hakiwezi kuzama ndani sana, kinakwama. Hii kamera ni kijiti kinyoofu, ncha inakaribia milimita 4, hakuna kinachoizuia isiende mpaka mwisho. Mtoto akigeuka ghafla ni wewe na mkono wako tu. Kila nikiitumia kwake moyo unadunda, na kifaa cha kunidunda moyo kwa hela yangu mwenyewe kwa kweli nakitoa nyota.

Tuseme umefanikiwa, umeiona ngoma. Unaangalia nini? Ngoma nzima isiyo na shida ni ya kijivu inayong'aa, inapitisha mwanga kidogo, kuna kamfupa unakaona kwa nyuma na kuna kapembe ka mwanga upande wa chini. Mtoto akiwa na infeksheni ya sikio la kati, nyuma ya ngoma kunajaa majimaji na usaha, ngoma inavimba inasukumwa kuja nje, inapoteza mng'ao, inakuwa nyekundu au njano njano. Kwa maneno inaonekana rahisi. Tatizo la kwanza, mtoto akilia tu ngoma inakuwa nyekundu. Akiwa na homa inakuwa nyekundu. Na huyu wangu hajawahi kuangaliwa bila kulia, kwa hiyo kwangu mimi ngoma zote ni nyekundu siku zote. Tatizo la pili ndo kubwa zaidi, alama ambayo madokta wanaitegemea siyo wekundu, ni kule kuvimba, na kamera ya simu inakupa picha bapa, kitu kilichovimba na kisichovimba kwenye skrini vinafanana. Dokta yeye kwenye kifaa chake ana kampira anakabinya kanapuliza hewa kidogo sikioni anaangalia ngoma inacheza au haichezi, isipocheza anajua nyuma kuna maji. Kamera yangu haipulizi kitu. Nilimpelekea vidio nzuri tu nimerekodi, akaiangalia kwa heshima zote, akasema "mama picha nzuri, sasa naomba nimwangalie mwenyewe," na alichokiona yeye siyo nilichokiona mimi.

Kwa hiyo kinachotokea kwa watu wengi ni kimojawapo kati ya viwili. Kuna anayeona wekundu anakimbilia duka la dawa anaomba amoksilini bila mtoto kupimwa, kwenye grupu letu la akina mama la WhatsApp hili limeshakuwa la kawaida, picha inatumwa, watu wanazoom, mmoja anasema "hiyo imeiva," mwingine anataja dawa aliyopewa mwanae mwaka juzi. Na kuna anayeona pako safi anatulia wakati mtoto anaumwa kweli, au hakuiona ngoma kabisa kwa sababu nta imeifunika, na kwa watoto wadogo nta kufunika ni kitu cha kila siku. Huyu wa pili ndo ananitisha zaidi.

Kuna hali nyingine ambayo kamera haikunisaidia hata chembe, nayo inahusu masikio yaleyale. Infeksheni ikiisha, homa imeshuka, maumivu hamna, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki na wiki, mara nyingi yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Mtoto haumwi, anacheza, ila hasikii vizuri, ukimwita mgongoni hageuki, tivii anataka sauti juu, maneno anayachelewesha au anayakata. Bibi yake anasema mtoto ana kiburi. Mi kwenye kamera nikaona pako sawa tu. Hospitali wakampima na mashine ya timpanometri, kanapachikwa sikioni sekunde chache kanapima mgandamizo, haiumi, ikaonyesha upande mmoja kuna maji. Hatukupewa dawa yoyote, tuliambiwa tusubiri turudi apimwe tena, na tuongee naye tukiwa mbele yake tumemtazama. Dawa za mafua za kukausha makamasi na za aleji kwa tatizo hili hazisaidii, dokta alituambia tusipoteze hela. Yakikaa zaidi ya miezi mitatu na usikivu umeshuka ndo wanaweza kuzungumzia kuweka vibomba vidogo vya kupitishia hewa kwenye ngoma au kuangalia nyama za puani kama zimekua, hasa mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi.

Sikio likianza kuvuja usaha, kamera weka kabatini. Sitanii. Kwanza utaona usaha tu, hakuna kingine. Pili unaingiza kijiti kwenye sikio lenye tundu kwenye ngoma. Tatu familia nzima mnachangia kijiti kimoja, unatoka sikio lenye usaha unaenda sikio zima, na kufuta na spiriti wengi hawafuti. Wakati huo kinachotakiwa ni kitu cha bei ya chini kabisa, tishu laini lakini imara isiyochanika hovyo au kitambaa safi kinachonyonya, unasokota kiwe utambi, unaingiza taratibu sikioni, kikilowa unatoa unaweka kipya, mpaka kinatoka kikavu, mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti na usiache pamba imezibia humo, usaha unatakiwa utoke. Akioga unaziba kwa nje na pamba iliyopakwa vaselini maji yasiingie, ukimaliza unaitoa, na kuogelea basi kwa kipindi hicho. Watu wakiona usaha wanashtuka lakini mara nyingi ndo maumivu yanapungua hapo, kwa sababu ule mgandamizo umepata pa kutokea, na katundu ka ngoma kwa wengi kanajifunga kenyewe baada ya wiki kadhaa. Ila usaha ukipita wiki mbili hiyo imeshakuwa infeksheni ya muda mrefu, hapo ni kukausha sikio na matone ya antibayotiki ya sikioni kwa wiki mbili, vidonge peke yake havifiki vizuri.

Na kwenye matone hapa niwe mkali kidogo. Kuna duka moja la dawa mtaani kwetu, nimeeleza tu mtoto anaumwa sikio, yule kaka akanyoosha mkono kwenye shelfu akaniwekea kichupa cha matone ya jentamaisini, antibayotiki, hajauliza linavuja au halivuji, hajauliza umri. Jentamaisini na ndugu zake zina uwezo wa kudhuru sikio la ndani zikipenya kwenye ngoma yenye tundu, ndo maana madokta kwenye sikio linalovuja wanapendelea matone ya siprofloksasini au ofloksasini. Na kama ngoma haina tundu halafu infeksheni iko nyuma yake, matone ya antibayotiki hata hayafiki kwenye ugonjwa, yanabaki mlangoni. Mafuta ya nazi ya moto, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, hivyo vyote navijua na vyote nimeshauriwa na watu wanaonipenda, jibu langu ni hilohilo, havifiki, na kama kuna tundu vinafika pasipotakiwa. Ile mishumaa ya sikio wanayouza spa kwamba inavuta uchafu ndo kabisa, hakuna inachovuta, ile nta unayoonyeshwa mwisho ni ya mshumaa wenyewe, na kuungua unaungua kweli.

Tuseme una elfu hamsini mkononi na mtoto wa masikio. Mi ningeigawa hivi. Dawa ya maumivu kwanza kabisa, watu wanawaza antibayotiki wanasahau mtoto analia kwa maumivu usiku kucha. Parasetamoli ya maji, na siyo kijiko cha chai cha jikoni, nunua bomba la kupimia lisilo na sindano. Kipimo kinaenda kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Siripu nyingi za kwetu zina miligramu 120 kwenye mililita 5 lakini soma chupa yako maana zinatofautiana. Mtoto wa kilo 12 kwa kipimo cha 15 anapata miligramu 180, ambazo kwa siripu hiyo ni mililita 7.5. Aspirini mtoto hapewi. Halafu kipimajoto, cha kawaida tu. Hela inayobaki ndo ya kumwona dokta mwenye kifaa sahihi, kwenye kituo cha afya cha serikali unaweza usimalize hata nusu yake, na kama una bima basi mambo yamekuwa mepesi.

Kuhusu antibayotiki nimekuta mazingira mawili na yote yana maana yake. Kituo cha afya wakikuta mtoto ana maumivu ya sikio au usaha wa chini ya wiki mbili mara nyingi wanampa amoksilini siku 5, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji au siripu, na hiyo ndo dawa ya kwanza sehemu nyingi duniani siyo dawa ya kimaskini, naona kuna watu wakiandikiwa amoksilini wanaona wamedharauliwa wanataka sindano. Dokta wa masikio yeye kwa mtoto aliyevuka miaka miwili, sikio moja, homa siyo kali, anaweza kukuambia mpe dawa ya maumivu tuangalie siku mbili tatu kwanza, kwa sababu nyingi zinapona zenyewe. Kwa mdogo chini ya miaka miwili masikio yote mawili, au usaha unatoka, au homa kali, hasubiri, anaandika, na kwa wadogo dozi inaweza kwenda siku 10. Sasa huko kusubiri ni kwa mtu anayeweza kurudi hospitali kesho kutwa, kama unatoka mbali na nauli ni ya kuungaunga mwambie dokta ukweli wa maisha yako apange vingine. Ukishaanza dozi maliza, siyo mtoto kaanza kucheza siku ya tatu unaificha chupa kwenye friji kwa ajili ya mafua yajayo.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio unauma ukiugusa, sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, degedege, mtoto analegea hataki kunyonya, au uso umepinda upande mmoja, hapo hakuna kupiga picha, ni bodaboda, bajaji, chochote, hospitali kubwa usiku huohuo. Uvimbe wa hivyo nyuma ya sikio unaweza kuwa na maana infeksheni imeingia kwenye mfupa. Kichanga mwenye homa naye usimkalie nyumbani.

Kuzuia nako kuna mambo ambayo kamera haiyajui, na mengine ni bure. Infeksheni ya sikio la kati haitoki nje kwa maji ya kuoga kama tulivyolelewa kuamini, kama ngoma ni nzima maji hayapiti. Inatoka puani na kooni. Kuna mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, kwa mtu mzima umeinama unashuka, kwa mtoto ni mfupi na umelala, mafua yakija unavimba unaziba, majimaji yanabaki kule nyuma ya ngoma, bakteria wanajistawisha. Ndo maana miezi 6 hadi miaka miwili ndo umri wa balaa, na ndo maana akikua mengi yanapungua yenyewe, hiyo ilinipa moyo kuliko dawa yoyote.

Ukilielewa hilo mengine yanajipanga. Chanjo ya nimokoko (bakteria mmojawapo anayeleta nimonia), kwetu Tanzania ipo kwenye ratiba toka mwanzoni mwa 2013, Kenya walitangulia 2011, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bure, inalenga nimonia na homa ya uti wa mgongo lakini inapunguza na masikio pia maana bakteria ni yuleyule mmojawapo. Haizuii yote, wapo bakteria wengine na virusi, wangu amechanjwa zote na bado anapata, ila fungua kadi ya kliniki uangalie kama hakuna dozi iliyorukwa, mi nimeshaona kadi za watu zina mapengo halafu wanabishana kuhusu kamera. Kunyonyesha miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama tu. Chupa, usimpe mtoto akiwa amelala chali, mwinue kichwa, maziwa yasirudi kwenye ule mrija, na ile ya kumwachia chupa mdomoni alale nayo ndo mbaya zaidi. Nyonyo ya kudanganyishia ipunguze akishavuka miezi sita. Moshi, sigara ya baba kibarazani na jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja vyote vinawasha njia ya hewa ya mtoto, kama huwezi kununua gesi basi jiko likae nje au mlangoni na mtoto asikae karibu nalo. Mikono na makamasi, hasa mtoto anayeenda dei kea, huko mafua ni zamu kwa zamu, kwetu tulipomhamishia kwa dada anayelea watoto wachache tuliona afadhali.

Kuna sehemu moja kamera ilipata heshima yake, niseme tu ukweli nisiwe mnafiki. Mtoto wa wifi yangu alikuja analia anashika sikio, kila mtu akasema infeksheni, tukaangalia pale mwanzoni tu bila kuingia ndani, shanga. Shanga ya kijani ya hereni za dada yake. Hatukuigusa, tulienda ikatolewa na watu wenye vifaa. Kwa kitu kama hicho kilicho karibu na mlango inakuonyesha haraka. Ikiwa ni punje ya maharage au mahindi usimimine maji, itavimba izidi kukwama, wala mafuta, na ikiwa betri ile ndogo ya saa au rimoti ni dharura ya saa hizohizo maana inachoma nyama.

Nyota sasa. Kwa mtu mzima kutazama nta, 4 kati ya 5, nimetoa moja kwa ajili ya vijiko. Kwa kufuatilia masikio ya mtoto mwenye infeksheni za mara kwa mara, 1 na nusu, hiyo nusu ni ya shanga. Tangazo linaloandika "gundua ugonjwa nyumbani" nalipatia sifuri.

Ukiamua kununua bado, mambo ya dukani ni haya. Ijaribu hapohapo na simu yako mwenyewe, usikubali kuonyeshwa na simu ya muuzaji, kuna simu za zamani apu haifunguki kabisa na wengi ukishafungua boksi hawarudishi hela. Angalia vitaa vyote vinawaka, yangu kimoja kilikufa mapema picha ikawa na giza upande mmoja. Iwashe dakika chache uguse ncha kwa ngozi ya ndani ya mkono, kuna zinazopata joto, hiyo rudisha. Kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 futa ncha kabla na baada ya kila sikio, usiichovye, maji yakiingia imeisha. Betri inakaa nusu saa hivi na kichwa cha chaji hakimo kwenye boksi, ni waya tu, na mdomo wake ni ule wa zamani siyo huu wa simu za sasa hivi.